Injini Ikipiga Kelele, Si Lazima Ifunguliwe

Gari likishazeeka na injini ikaanza kugonga, wengi huambiwa: "Imechoka hiyo, tuifungue." Kelele peke yake haitoshi kuamua hivyo. Beringi ya alternata, pampu ya maji au ekzosi inayovuja karibu na hedi (kichwa cha injini) husikika kana kwamba injini inakufa. Kwenye injini ya 1NZ ya Toyota Probox, mchakacho wa asubuhi waweza kuwa cheni ya taimingi (inayofanya valvu zifunguke kwa wakati wake) iliyolegea, au oili imepungua tu. Inauma kuona injini nzima imemwagwa chini kwa sababu kama hiyo.

Anza na stiki ya oili. Kisha mdai fundi apime kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda. Silinda ikisoma chini, atie kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na apime tena: ikipanda, ringi za pistoni zimelika, isipopanda, shuku valvu au gasketi ya hedi, na hapo hedi hufunguliwa bila kugusa pistoni.

Mlio mmoja sibishani nao: ule mzito wa kugonga kutoka chini ya injini, unaozidi ukipanda mlima, huku oili ikimetameta chembe za chuma. Hizo ni beringi za konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki. Zima, livutwe hadi gereji. Ukiendelea kuendesha, konrodi inaweza kutoboa bloku, yaani mwili wa injini.