Simu yako mbele ya afisa wa mpaka wa Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Hawagusi simu yangu bila kibali cha mahakama."
Hii ndiyo inayowaponza wengi, na chanzo chake kinaeleweka. Mwaka 2014, katika kesi ya Riley dhidi ya California, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba polisi akishamkamata mtu hana ruhusa ya kupekua simu yake bila kibali. Lakini hayo ni ya mitaani; mpakani kuna utaratibu wake. Mwongozo wa CBP, idara ya forodha na ulinzi wa mipaka, wa Januari 2018 unataja upekuzi wa aina mbili. Wa kawaida, afisa anashika simu na kuperuzi kwa kidole picha, meseji na namba za watu wako, na wala hahitaji kukushuku. Wa kina, simu inachomekwa kwenye mashine ili vilivyomo vinakiliwe au kuchambuliwa. Huo unahitaji shaka yenye msingi au suala la usalama wa taifa, pamoja na idhini ya mkubwa wake. Tena usidhani mpaka uko Marekani tu: ukiunganisha ndege ya kwenda Marekani pale Abu Dhabi, maafisa hao hao wanakukagua kabla hujapanda.

"Wanapekua kila mtu."
Hapana. Mwaka wa fedha 2024 vilipekuliwa vifaa 47,047, ilhali wasafiri walioingia walizidi milioni 400.

"Wakiishika wanasoma hadi vilivyoko mtandaoni."
Mwongozo unawabana kwenye vilivyo ndani ya kifaa, na intaneti inatakiwa izimwe kwanza. Ila barua pepe zilizokwisha kupakuliwa zimo ndani ya simu, na hapo ndipo watu wanapojisahau.

"Ukikataa kutoa namba ya siri unafungwa."
Inategemea pasipoti yako. Raia wa Marekani hazuiwi kuingia kwao. Simu yake ndiyo inaweza kubaki, kwa kawaida isizidi siku 5, ingawa muda huongezwa. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi anaweza kurudishwa alikotoka. Ndiyo maana zile meseji za "simamia haki zako" zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp naziona za hatari: nyingi ziliandikiwa raia wa Marekani, si Mkenya au Mtanzania mwenye viza. Uingereza nako kukataa kunaweza kuwa kosa la jinai. Mwaka 2017 Muhammad Rabbani, mkurugenzi wa CAGE, shirika la Uingereza linalotetea watu walioguswa na sheria za ugaidi, alitiwa hatiani chini ya sheria ya ugaidi ya mwaka 2000 kwa kugoma kutoa nywila zake uwanjani Heathrow.

"Nimeshafuta."
Picha iliyofutwa kwenye iPhone hukaa kwenye albamu ya zilizofutwa kwa takriban mwezi mmoja. Usichotaka kionekane, kiache nyumbani. Na kabla ya kufika dirishani izime simu kabisa, maana ikiwashwa upya haifunguki kwa uso wala kidole mpaka namba ya siri iingizwe.