Wenye mbwa wa uso mfupi kama Pug na Shih Tzu hapa Moshi na Arusha, tuongee kidogo kuhusu mazoezi

Juzi saa 8 mchana kaletwa Pug hapa kliniki kwetu Moshi, amefungwa kwenye kanga iliyoloa, ulimi umekuwa wa zambarau, anakoroma kama mtu aliyepaliwa, na mwenye mbwa anasema, "Dokta, amekimbia kidogo tu na watoto huko Majengo." Kwa mbwa mwenye mdomo mrefu ni kidogo kweli. Kwa huyu jua lile lingemuua.

Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anatoa kidogo kwenye nyayo na halitoshi, joto lake analitoa kwa kuhema. Sasa hawa Pug, French Bulldog, Shih Tzu na Pekingese watu wamewazalisha kwa kuchagua uso mfupi miaka na miaka, mfupa umepungua ila nyama za ndani hazikupungua, kwahiyo matundu ya pua yamebaki kama kistari, kaakaa laini, ile nyama ya nyuma juu ya mdomo, linaning'inia linaziba njia ya hewa. Akihema sana zile nyama zinavimba, njia inabana zaidi, naye anazidi kuhema na joto linapanda tu. Kawaida mbwa ana joto kama nyuzi 38.3 mpaka 39.2, likifika 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika.

Mtu ananiambia ndo sauti yake huyu, tumeshazoea. Jamani, mbwa anayekoroma akiwa macho anatafuta hewa!

Simaanishi umfungie ndani, akinenepa shingo nayo inajaa mafuta na pumzi inazidi kuwa shida. Mtoe saa 12 asubuhi, dakika 15 au 20 za kutembea zinatosha, na jioni tena jua likishazama. Shanty Town hapa Moshi mna miti, pitieni kivulini. Lami iguse kwa nyuma ya kiganja, ukishindwa kuvumilia sekunde 7 rudi nyumbani. Kamba usifunge shingoni, tafuta mkanda wa kifuani. Na nyie wa Arusha msijiamini sana kisa baridi, wakati wa mvua hewa ikiwa na unyevu kuhema hakupozi vizuri.

Akianza kukoroma kwa nguvu au akilala njiani, simama, usimvute. Akizidiwa mpeleke kivulini, mmwagie maji ya bomba mwili mzima huku mnampepea, halafu mleteni gari likiwa na madirisha wazi, maji ya kunywa msimlazimishe. Na ile kanga usimfunge nayo, ikikaa mwilini inafungia joto ndani.

Yule wa juzi tulimpoza kwa maji na feni mpaka 39.5 tukaacha maana ukiendelea anashuka kupita kiasi, akalala na dripu, jana kala mwenyewe. Nimewaambia nyumbani kwao watoto wakimbie, yeye atembee na bibi asubuhi.