Kilimia Kimeumbwa na Nini? Dhana Potofu Kuhusu Kemia ya Nyota

Wahenga walisema: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Mkulima alikitazama ajue majira. Mwanaastronomia hukitazama akiuliza nyota zile zimeumbwa na nini, na hapo ndipo dhana potofu huanza.

Dhana: Kilimia ni nyota sita au saba.
Hizo ni zile ambazo macho huziona. Kwa darubini zipo zaidi ya 1,000, zote zimezaliwa na wingu moja la gesi na vumbi, zaidi kidogo ya miaka milioni 100 iliyopita. Hilo ni fungunyota. Kundinyota ni jambo lingine: nyota zake huonekana jirani kwa sababu tu tunazitazama tukiwa huku duniani.

Na ujirani hudanganya kweli. Karibu na Kilimia kuna fungu la Hyades, lenye umbo la V, na kwenye ncha moja ya V hiyo inang'aa Aldebaran, nyota ya rangi ya chungwa. Jina lake ni la Kiarabu, maana yake "anayefuata", kwa kuwa hukifuata Kilimia angani. Hyades ziko umbali wa miaka ya nuru 150 hivi. Aldebaran iko kwenye 65, imekaa tu mbele yake tunapotazama kutoka huku. Ukiiingiza kwenye hesabu ya fungu, umeharibu hesabu nzima. Ndiyo maana vipimo vya umbali na mwendo vya darubini ya Gaia, iliyorushwa mwaka 2013, vina thamani kubwa: kwanza tujue nani ni wa ukoo.

Dhana: Huwezi kujua kilichomo bila kukigusa.
Mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte aliamini hivyo kuhusu nyota mwaka 1835. Alikosea. Nyunyiza chembe za chumvi kwenye moto wa jiko la gesi: mwali wa buluu unageuka manjano papo hapo. Hiyo ni sodiamu. Kwenye tabaka la nje la nyota, sodiamu hiyohiyo huifyonza rangi ile ya manjano na kuacha mistari miwili myeusi kwenye spektra, yaani nuru iliyotandazwa kwa rangi zake, kwenye nanomita 589.0 na 589.6. Kila elementi ina mistari yake, kama alama za vidole.

Dhana: Elementi yenye mistari mingi ndiyo iliyo tele.
Spektra ya Jua imejaa mistari ya chuma, hivyo wataalamu walidhani Jua lina mchanganyiko kama wa Dunia. Mwaka 1925 mwanaastronomia Cecilia Payne, akiwa na miaka 25, alionyesha kwamba nguvu ya mistari hutegemea sana joto, na kwamba haidrojeni inazizidi mno elementi nyingine. Mwanaastronomia mashuhuri Mmarekani, Henry Norris Russell, alimwambia haiwezekani. Mwaka 1929 yeye mwenyewe akakiri. Inaniuma kila nikikumbuka.

Dhana: Nyota za fungu moja zina kemia ileile, basi pima moja tu.
Hii ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo tamu. Chukua fungu la M67, lenye umri wa miaka bilioni 4 hivi na mchanganyiko unaokaribiana sana na wa Jua. Nyota zake zenye uzito kama wa Jua zinatofautiana sana kwa lithiamu, elementi ambayo huungua joto likifika nyuzi milioni 2.5 hivi.

Hata chuma hakitulii. Nyota zinazokaribia kumaliza haidrojeni ya kiini huonyesha chuma pungufu kuliko dada zao waliokwisha kuwa majitu mekundu. Kwa miaka bilioni kadhaa chuma kilikuwa kikizama polepole chini ya uso. Nyota ikivimba, gesi yake hukorogeka kama uji jikoni, na chuma kinarudi juu. Mkorogo huohuo hupandisha naitrojeni na kupunguza kaboni usoni. Kwa hiyo anayetaka kujua wingu mama lilikuwaje hana budi kulinganisha nyota zilizo kwenye hatua moja ya maisha.

Dhana: Fungu kongwe lazima liwe na chuma kidogo.
NGC 6791 lina miaka bilioni 8 hivi, na bado nyota zake zina takriban mara mbili ya chuma cha Jua. Wanaastronomia wengi wanashuku kwamba lilizaliwa karibu zaidi na kitovu cha galaksi, kwenye chuma tele, kisha likahama.