Mwanamke anamfunga bingwa leo, mbona kombe linabaki kwa wanaume?

Kati ya maswali yote ninayoulizwa kama kocha wa pool, hili ndilo linalorudi kila msimu: kama mchezo huu hauhitaji misuli, mbona mashindano makubwa ya wazi hayajawa na mabingwa wanawake? Anayeuliza mara nyingi ameshajijibu kichwani. Ama anaamini wanawake wanabaniwa, ama anaamini mwili umewanyima. Mimi huanza na hesabu.

Kwanza tuelewane: “wazi” maana yake ni wazi kweli. US Open ya mipira tisa, mashindano makubwa ya wazi ya Marekani, haina kifungu kinachomzuia mwanamke. Analipa kiingilio, anapangiwa meza, anacheza. Ligi za wanawake, kama ile ya WPBA, chama cha wanawake wa kulipwa kilichoanzishwa Marekani mwaka 1976, ni mlango wa pili, na kuupitia hakumfungii mtu mlango wa kwanza.

Sasa hesabu yenyewe. Mfumo wa FargoRate humpa kila mchezaji namba kutokana na gemu alizocheza na aliocheza nao, na hautengi jinsia. Wote wanapimwa kwa kipimo kimoja. Pengo la pointi 100 maana yake mwenye namba kubwa anatarajiwa kushinda gemu mbili kwa kila moja ya mpinzani wake. Wanaume wa kileleni wako juu ya 840. Wanawake wa kileleni wako karibu na 780, wengine wakizidi kidogo. Tuchukue pengo la pointi 60. Hapo mwenye namba ndogo anashinda kama gemu 40 katika kila 100.

Arobaini kwa mia si haba. Lakini mechi si gemu moja. Nimepiga hesabu: katika mechi ya wa kwanza kufikisha gemu 5, mwenye 780 atamtoa mwenye 840 karibu mara moja kati ya nne. Wa kwanza kufikisha 9, mara moja kati ya tano. Wa kwanza kufikisha 13, mara moja kati ya saba. Kadiri mechi inavyorefushwa, bahati inapungua na pengo linajionyesha.

Ndiyo maana habari ya mwanamke kumtoa bingwa si muujiza, ingawa vichwa vya habari huiandika hivyo. Moja kati ya tano hutokea. Kumbuka pia kwamba raundi za mwanzo humkutanisha na wachezaji wengi wa daraja lake au chini yake, na hao anawafunga kama kawaida. Kazi iko mbele: akikutana na wakali watano wa 840 mfululizo, nafasi ya kuwapita wote ni kama moja katika elfu tatu. Na hapa ndipo wengi huniacha: mwanaume mwenye 780 ana nafasi hiyohiyo. Wapo wengi, wanakwenda kwenye mashindano mwaka hadi mwaka na hawachukui kombe, wala hakuna anayeandika makala kuhusu jinsia yao.

Pengo lenyewe linatoka wapi? Mwili una sehemu yake, siwezi kukataa. Tazama pigo la kuvunja, lile la kwanza linalotawanya mipira. Palipo na sharti kwamba mipira mitatu iingie mifukoni au ivuke mstari ulio upande wa anayevunja, pigo laini halitoshi. Unahitaji mwendo mkali na bado mpira mweupe usimame katikati ya meza. Anayepata kasi ileile kwa nguvu kidogo analenga vizuri zaidi. Urefu nao unasaidia. Eneo la kuchezea la meza kubwa ni sentimita 254 kwa 127, na sheria inataka angalau mguu mmoja uguse sakafu. Mrefu anajinyoosha mahali ambapo mfupi anaomba fimbo ya kuegemezea, na hakuna anayeipenda ile fimbo.

Lakini ukitoa pigo la kuvunja, hoja ya misuli inadhoofika haraka. Katika mchezo wa 14.1, ambapo kila mpira unaoingia ni pointi moja na ambao hufunguliwa kwa pigo la kujilinda, Jasmin Ouschan wa Austria alimaliza wa tatu kwenye mashindano ya dunia ya mwaka 2008, akicheza na wanaume. Kwenye biliadi ya kugusa kingo tatu, isiyo na mifuko kabisa, Masako Katsura wa Japani aliingia mashindano ya ubingwa wa dunia San Francisco mwaka 1952 na kumaliza wa saba kati ya kumi. Jean Balukas wa Marekani alikuwa wa tano kwenye US Open ya wanawake ya 14.1 mwaka 1969 akiwa na miaka tisa tu, kisha akaichukua mara kadhaa mfululizo kuanzia 1972. Miaka ya themanini alikuwa akiingia pia mashindano ya wanaume. Mtoto wa kike aliyepewa meza mapema alifika mbali. Swali langu ni wangapi walipewa. Kumbi za pool zilikuwa za wanaume kwa vizazi, na kileleni hufika wachache kati ya walioanza. Wakianza wachache, wa kileleni watakuwa wachache zaidi. Mimi pengo kubwa ninaliweka hapa kuliko kwenye bega.

Mfumo ninaoupenda kuutazama ni wa wawili mwanamke na mwanaume, wakipokezana mapigo. Hapo ujuzi unabadilika sura. Kumwachia mwenzako mpira rahisi hakutoshi, lazima mpira mweupe ukae mahali anapofika bila kujinyoosha, na upande unaofaa mkono wake. Utaona mchezaji mkubwa akiacha njia anayoipenda yeye na kuchagua ndefu zaidi, kwa sababu anayefuata ni mfupi au anatumia shoto.

Kwa waandaaji nina ombi moja dogo: tarehe za ligi za wanawake zisigongane na za mashindano ya wazi. Mwenye 780 hawezi kupanda hadi 800 bila kukutana na wenye 840 mara nyingi, na hawezi kukutana nao ikiwa wiki hiyohiyo yuko ukumbi mwingine akitafuta pesa ya kodi ya nyumba.