Tarehe ya Kufungwa kwa Mgodi na Tarehe ya Kuanza kwa Kazi Mpya

Kila ninapoletewa mpango wa nchi wa kupunguza gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, ili niutolee maoni, sianzii kwenye majedwali ya asilimia. Natafuta kwanza sehemu inayowahusu wafanyakazi, nione kama imetaja tarehe, kiasi cha fedha na chombo kitakachowajibika, au kama imeishia kuahidi kwamba hakuna atakayeachwa nyuma. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kuvishauri vyama vya wafanyakazi vinapokaa mezani na waajiri na serikali, na nimeona mara nyingi jinsi ahadi isiyo na tarehe inavyokosa uzito wowote siku mgogoro unapofika mbele ya msuluhishi.

Wazo ambalo leo tunaliita mpito wa haki, yaani kuacha kazi zinazochafua mazingira bila kuwabebesha wafanyakazi wake gharama peke yao, lilizaliwa ndani ya vyama vya wafanyakazi. Tony Mazzocchi, kiongozi katika chama cha wafanyakazi wa mafuta, kemikali na atomiki nchini Marekani, alikuwa mstari wa mbele katika mgomo wa mwaka 1973 dhidi ya kampuni ya Shell, mgomo uliodai afya na usalama kazini na ukaungwa mkono na mashirika ya mazingira. Yeye alitambua kwamba sumu inayomdhuru mfanyakazi ndani ya kiwanda ndiyo hiyohiyo inayovuka ukuta na kuingia katika nyumba za majirani. Baadaye alipendekeza uundwe mfuko wa kuwalipa na kuwasomesha wafanyakazi ambao viwanda vyao vingefungwa kwa sababu za mazingira, kwa mfano wa sheria ya mwaka 1944 iliyowagharimia masomo wanajeshi wa Marekani waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia. Hoja yake ilikuwa kwamba jamii ikiamua kazi fulani ikome kwa faida ya wote, si haki gharama ya uamuzi huo kumwangukia yule tu aliyekuwa akiifanya. Mwaka 2015 wazo hilo liliingia katika utangulizi wa Mkataba wa Paris kuhusu tabianchi, na mwaka huohuo Shirika la Kazi Duniani likatoa mwongozo wake kuhusu mpito wa haki. Hata hivyo, utangulizi wa mkataba haumfungi mtu, na mwongozo ni mwongozo tu.

Ili kuona kinachotokea pale haki inapoandikwa na pale isipoandikwa, nalinganisha mara kwa mara historia mbili za makaa ya mawe. Mwaka 1984 mamlaka ya makaa ya mawe ya Uingereza ilitangaza kufunga migodi 20, hatua ambayo ingeondoa ajira zipatazo 20,000. Wachimbaji waligoma kwa mwaka mzima, wakashindwa, na migodi ikaendelea kufungwa bila mpango wowote wa maana kwa miji iliyoitegemea; athari zake katika ajira na afya za watu zilionekana kwa miongo iliyofuata. Katika bonde la Ruhr nchini Ujerumani sekta hiyohiyo nayo ilipungua kwa kiwango kikubwa, kwani katika miaka ya 1950 makaa ya mawe magumu yaliajiri watu wapatao 600,000 nchini humo, na mgodi wa mwisho, Prosper-Haniel mjini Bottrop, ulifungwa mwezi Desemba 2018. Tarehe hiyo haikuwashtua wachimbaji, kwa sababu tangu mwaka 2007 serikali, kampuni na chama cha wafanyakazi walikuwa wamekubaliana kwamba ruzuku ya serikali kwa migodi ingekoma mwaka 2018 na kwamba hakuna mchimbaji atakayefukuzwa kwa lazima. Wazee walistaafu mapema na vijana wakahamishiwa kazi nyingine, huku vyuo vikuu vikiwa vimeshajengwa katika eneo ambalo halikuwa na hata kimoja kabla ya miaka ya 1960.

Tofauti hiyo ina mizizi ya kisheria, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, kwa kuwa ndicho kiini cha hoja yangu. Sheria ya mwaka 1951 iliwapa wafanyakazi wa makaa na chuma wa Ujerumani nusu ya viti katika bodi za usimamizi za kampuni kubwa za sekta hiyo. Kwa hiyo suala la kufunga mgodi lilipojitokeza, wafanyakazi hawakuhitaji kubisha hodi, maana walikuwa ndani tayari. Simaanishi kwamba Ruhr ni paradiso. Ukosefu wa ajira huko ungali juu kuliko wastani wa nchi. Ninachosema ni kwamba sauti iliyowekwa kisheria kabla ya dhoruba ndiyo iliyofanya majadiliano yawezekane dhoruba ilipofika.

Lakini kuna jambo linalonisumbua kila ninapoutumia mfano huu. Ruhr ilichukua nusu karne, tena msukumo wake haukuwa tabianchi bali makaa ya bei nafuu kutoka nje. Sisi hatuna nusu karne. Jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa limeeleza kwamba, ili joto lisipande zaidi ya nyuzi 1.5, gesijoto zinapaswa kupungua kwa takriban asilimia 43 ifikapo mwaka 2030 zikilinganishwa na mwaka 2019. Muda ndio uliolainisha mpito wa Ruhr, na muda ndio tuliokwisha kuupoteza. Kinachoweza kuziba pengo hilo ni fedha nyingi zaidi zinazotolewa mapema zaidi, pamoja na majadiliano yanayoanza kabla ya tarehe kutangazwa.

Hispania ilionyesha kwamba hata kwa haraka inawezekana. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeamua tangu mwaka 2010 kwamba migodi ya makaa isiyojiendesha bila ruzuku ifungwe kufikia mwisho wa mwaka 2018, ila makubaliano kati ya serikali ya Hispania na vyama vya wachimbaji yalitiwa saini Oktoba 2018, miezi michache tu kabla ya siku yenyewe. Yalitenga euro milioni 250, yakaruhusu wachimbaji wenye umri mkubwa kustaafu mapema na yakawapa wengine kipaumbele katika kazi za kurejesha ardhi iliyochimbwa. Nayaheshimu makubaliano hayo, ingawa siachi kujiuliza yangekuwa bora kiasi gani kama miaka minane iliyotangulia ingetumika vizuri.

Kituo cha umeme cha Komati huko Mpumalanga, Afrika Kusini, kinatufundisha upande mwingine. Mtambo wake wa mwisho wa makaa ulizimwa tarehe 31 Oktoba 2022, mwaka mmoja baada ya nchi tajiri kuahidi dola bilioni 8.5 kwa ajili ya mpito wa nishati nchini humo. Waajiriwa wa kudumu waliweza kuhamishiwa vituo vingine, lakini vibarua wa wakandarasi na watu waliokuwa wakiwauzia wafanyakazi chakula au kuwapangisha nyumba hawakuwa na mkataba wa kuwalinda, na kazi mpya hazikuwa zimefika. Tangu hapo, katika kila rasimu ninayoiandika, fasili ya neno “mfanyakazi” ndiyo inayonichukua muda mrefu kuliko vifungu vyote, kwa sababu fasili finyu huwatupa nje watu wengi hata kabla majadiliano hayajaanza.

Wapo wanaodhani kwamba wafanyakazi ni kikwazo kwa sera za tabianchi. Hao hutaja Ufaransa ya mwaka 2018, ambako nyongeza ya kodi ya mafuta iliwatoa watu barabarani wakiwa wamevaa vizibao vya njano hadi serikali ikasitisha nyongeza hiyo. Wanasahau kwamba mwaka uleule kodi ya utajiri ilikuwa imefutwa na nafasi yake kuchukuliwa na kodi nyepesi inayogusa mali zisizohamishika tu. Waandamanaji wengi walikuwa wakilalamikia mgawanyo wa mzigo.

Isitoshe, wafanyakazi wenyewe ndio wanaopigwa na joto hili kwanza. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2024 kwamba zaidi ya watu bilioni 2.4 hukabiliwa na joto la kupita kiasi kazini. Kifungu cha maji, kivuli na mapumziko katika mkataba wa hali bora za kazi kati ya chama na mwajiri ni sera ya tabianchi kamili, na huweza kupatikana hata pale serikali imelala.

Matumaini yangu mimi nayapata katika maarifa ya watu wa karakana. Mwaka 1976 wawakilishi wa wafanyakazi wa kampuni ya Lucas Aerospace nchini Uingereza, waliokuwa wakitishiwa kupunguzwa kazini, walitoa mpango wa bidhaa zipatazo 150 ambazo mikono na mashine zao zingeweza kutengeneza badala ya kutegemea zana za kivita. Zilikuwemo pampu za joto na injini mseto za magari, vitu ambavyo leo serikali nyingi hutoa ruzuku ili vienee. Menejimenti iliukataa mpango huo. Mpango wenyewe ulianza kwa dodoso lililosambazwa viwandani kuwauliza wafanyakazi wana ujuzi gani na wanafikiri wanapaswa kutengeneza nini. Siku hizi dodoso la namna hiyo ndicho kitu cha kwanza ninachoviomba vyama viwapelekee wanachama wao, kabla wakili yeyote hajaandika mstari mmoja. Majibu yakirudi, huwa yameandikwa kwa kalamu mpaka pembezoni mwa karatasi.