Chotara wa nani na nani?

Utotoni, kila tuliposimuliwa kisa cha Absalomu katika Samweli wa Pili, nilimwona akikimbia vita juu ya mgongo wa nyumbu wa Serengeti, pembe zimejipinda na ndevu zinapepea. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili hakunisahihisha, labda naye alimwona hivyohivyo. Kiswahili kimewapa wanyama wawili jina moja. Nyumbu wa mbugani ni jamaa ya kongoni na nyamera. Nyumbu wa kubeba mizigo, ambaye kamusi humwita pia baghala, baba yake ni punda na mama yake ni farasi. Huyu wa pili ndiye chotara. Yule wa Serengeti si chotara wa chochote, hata kama wageni husimuliwa kwamba aliumbwa kwa mabaki ya wanyama wengine. Baba yake nyumbu, mama yake nyumbu, babu yake nyumbu.

Siku hizi kila nikisikia neno chotara, au haibridi kama wanavyosema watu wa magari, nauliza kwanza: wa nani na nani? Swali hilo linapunguza maneno mengi.

“Mbegu chotara ndiyo hiyohiyo GMO”

Hii, kwamba ni mazao yaliyobadilishwa jeni maabara, naisikia dukani kwa dada yangu, anayeuza pembejeo, kila msimu wa kupanda ukikaribia. Mteja anashika pakiti ya kilo 2, anachungulia punje za rangi ya waridi, anairudisha juu ya kaunta. “Hizi za maabara.”

Rangi ile ni alama ya dawa. Punje huvishwa dawa ya kuzuia ukungu na wadudu, kisha hutiwa rangi ili mtu asije akazipika. Hata mbegu isiyo chotara hupakwa vivyo hivyo, na tapeli naye ana rangi yake, kwa hiyo rangi haithibitishi kitu. Cha kutazama ni lebo ya TOSCI, taasisi ya Tanzania inayothibitisha mbegu, au ya mwenzake KEPHIS kwa walio Kenya.

Chotara wa mahindi hutengenezwa shambani, tena kwa mikono. Hindi lina ua dume kileleni, mbelewele, na ua jike ubavuni, lile lenye ndevu. Mzalishaji hupanda safu za mama na safu za baba, mara nyingi tatu au nne za mama kwa moja ya baba. Mbelewele za mama zinapoanza kuchungulia, kabla hazijamwaga chavua, vibarua hupita safu kwa safu wakizing'oa. Kesho wanarudi, keshokutwa tena, maana hazitoki zote siku moja, na zikisahaulika mama anajichavusha mwenyewe na mbegu inaharibika. Upepo ndio unaoleta chavua ya baba. Kinachovunwa kwenye safu za mama ndicho kinachoingia kwenye pakiti.

Hapo hakuna jeni lililochukuliwa kwa bakteria na kupachikwa ndani ya mmea, jambo ambalo ndilo hufanyika kwenye mahindi ya Bt, yale ya GMO yanayojikinga na wadudu. Kenya ilizuia vyakula vya GMO kuingizwa nchini mwaka 2012, ikaondoa katazo hilo Oktoba 2022, na katika miaka yote hiyo wakulima wa Trans Nzoia walikuwa wanapanda chotara kama kawaida. H611, iliyotoka kituo cha utafiti cha Kitale mwaka 1964, ni ya nani na nani? Kitale Synthetic II na Ecuador 573, mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, Amerika Kusini.

“Chotara ina nguvu kwa sababu wazazi wake ni bora”

Hapa hata mabwana shamba huteleza. Mwaka 1908 Mmarekani George Shull alieleza alichokiona baada ya kuyachavusha mahindi yenyewe kwa yenyewe, kizazi baada ya kizazi. Yalidhoofika. Yakawa mafupi, na magunzi yake madogo ya kusikitisha. Kisha akachavusha ukoo mmoja dhaifu kwa ukoo mwingine dhaifu, na watoto wakatoka warefu, wenye kuzaa kuliko wazazi wao wote wawili. Hiyo ndiyo nguvu ya uchotara. Ukionyeshwa mama na baba wa baadhi ya mbegu unazolipia fedha nyingi, unaweza kudhani shamba limekosa mbolea.

“Ukiipanda tena haioti”

Inaota. Mzee mmoja aliingia dukani na mahindi matatu mkononi: moja la kawaida, moja la ukubwa wa kidole, la tatu limejaa nusu na nusu nyingine gunzi tupu.

“Mwanangu, mbegu zenu siku hizi zimechoka.”

“Shikamoo, baba. Hizi ulinunua kwangu?”

“Marahaba. Nilinunua mwaka juzi.”

Kumbe za mwaka juzi zilizaa vizuri, akachagua mahindi manene, akayahifadhi juu ya jiko, akayapanda. Hakufanya ujinga, kwani hivyo ndivyo babu zake walivyotunza mbegu, na kwa mbegu zile ilikuwa sawa kabisa. Kwa chotara mambo hubadilika. Kizazi cha kwanza, hiyo F1 inayoandikwa kwenye pakiti za nyanya, mimea inakaribiana sana kwa sababu kila mmoja umepewa nusu ileile ya mama na nusu ileile ya baba. Kizazi cha pili ni kama mirathi isiyo na msimamizi, kila mmea unachukua unachokipata. Mmoja unawahi, mwingine unachelewa, na sehemu kubwa ya ile nguvu ya ziada inapotea. Anayetaka kutunza mbegu yake anunue zisizo chotara, za uchavushaji huria, kama Staha ya Ilonga au Katumani ya Machakos. Dada alimweleza hivyo. Mzee akauliza kwa nini pakiti haisemi, na kwa kweli ana hoja.

“Chotara wote ni tasa”

Nyumbu ndiye aliyewaponza wenzake. Punda ana kromosomu, yaani vifurushi vya jeni, 62, farasi 64, nyumbu akabaki na 63, idadi isiyogawanyika kwa mbili, kwa hiyo hazijipangi jozi kwa jozi sawasawa mbegu za uzazi zinapoundwa na karibu nyumbu wote hawazai. Lakini ng'ombe chotara wa Friesian, wale wa maziwa kutoka Ulaya, na wa kienyeji huzaa bila shida, maana wazazi wake wote ni ng'ombe. Ng'ombe wa Mpwapwa, kule Dodoma, walitokana na kuchanganya damu ya Sahiwal, Red Sindhi, Boran, ng'ombe wa kienyeji na wa Ulaya, na leo wanahesabiwa kuwa aina inayojitegemea. Wafugaji wengine huhitimisha kwamba damu ya Friesian ikizidi na maziwa yatazidi. Yatazidi kama una malisho, maji na dawa ya kupe. Bila hivyo itazidi ndigana, homa ya kupe.

“Gari la haibridi lazima lichomekwe umeme”

Toyota Prius iliyoingia sokoni Japani mwaka 1997, na Aqua zinazojaa mjini sasa, hazichomekwi popote. Ni chotara wa injini ya petroli na mota ya umeme. Injini ya petroli huzalisha umeme, na ukikanyaga breki mwendo unaopotea hurudishwa kwenye betri. Ndiyo maana linabana mafuta zaidi kwenye foleni kuliko kwenye barabara ndefu ya Dodoma. Yapo ya kuchomeka pia, ila hayo ni mengine. Na kwenye Prius, ule upenyo wa hewa ubavuni mwa kiti cha nyuma usiuzibe kwa mfuko wa mchele, ndipo betri inapovutia hewa ya kuipoza.

“Kiswahili ni chotara wa Kiarabu na Kibantu”

Hii nimefundishwa darasani, na mpaka leo inaniudhi. Kiswahili ni Kibantu, cha kundi la Sabaki, ndugu wa tumbo moja na Kipokomo, Kimijikenda na Kingazija. Hesabu mpaka kumi: sita, saba na tisa zimetoka Uarabuni, zilizobaki ni zetu. Lugha haipimwi kwa maneno iliyoazima, la sivyo Kiingereza, kilichojaa maneno ya Kifaransa, kingekuwa mtoto wa Paris.

Chukua neno hatukukubaliana. Kiini chake, kubali, ni cha Kiarabu. Kilichokizunguka mbele na nyuma, kinachosema nani, lini na kwa namna gani, ni Kibantu kitupu. Mshono upo ukitaka kuuona: asiyesema hasemi, lakini asiyejibu hajibu. Kitenzi cha kwanza kimebadili irabu ya mwisho kama vitenzi vya kwetu, cha pili kimekataa, kikabaki na mwisho wake wa ugenini. Nomino zimejisalimisha zaidi. Kitabu kilipofika pwani na ki yake ya Kiarabu, tuliidhania ngeli, tukapata vitabu. Karne nyingi baadaye Waingereza wakaweka kibao cha “Keep left” kwenye mzunguko wa barabara, na mpaka leo konda akikuelekeza atakwambia upite vipilefti viwili ndipo ushuke.