Senti ya Tuvalu ya 1976 si feki

Wengi wakiiona senti 1 ya shaba nyeusi ya Tuvalu yenye mwaka 1976 husema ni bandia, maana nchi hiyo ya visiwa vya Pasifiki ilipata uhuru Oktoba 1978. Hesabu ya miaka ni sahihi, hitimisho ndilo bovu. Tuvalu ilishajitenga na Visiwa vya Gilbert (Kiribati ya leo), ambavyo ilikuwa navyo koloni moja la Uingereza, na ilikuwa na sarafu zake hata kabla ya bendera ya Uingereza kushushwa. Noti inatumia za Australia hadi leo.

Badala ya kubishana na tarehe, pima. Iwe na kipenyo cha milimita 17.5 na uzito wa karibu gramu 2.6, sawa na senti ya Australia ya wakati huo. Upande mmoja kuna Malkia Elizabeth II, wa pili kombe la baharini lenye miiba kama vidole. Sumaku isiinase, ikinasa, ndani mna chuma.

Ila tafadhali, usiisugue kwa ndimu ili "ing'ae". Asidi inakula ngozi ya kahawia, sarafu inabaki na wekundu wa ajabu, na mnunuzi anayejua kazi anaitambua mara moja.